Mashangingi ya Serikali: Mafuta huokolewa na viti, si injini

KWA miaka mingi mjadala wa magari ya kifahari ya viongozi nchini Tanzania umekuwa ukiendeshwa kwa hesabu moja tu, nayo ni bei ya kuyanunua. Toyota Land Cruiser, gari ambalo wananchi walilibatiza jina la shangingi, hupigiwa kelele bungeni na vijiweni kila msimu wa bajeti unapowadia. Kisha kelele hutulia, na magari yakaendelea kunguruma.

Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliyakemea hadharani. Juni 2022, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, alipendekeza katika hotuba yake ya bajeti kwamba watumishi wanaostahili magari wakopeshwe, wanunue ya kwao, na wapewe fedha za mafuta na matengenezo. Pendekezo hilo liligusa jambo ambalo kelele za bei zilikuwa zimelifunika: gari hununuliwa mara moja, lakini hunywa mafuta kila siku.

Wapo wanaoamini kuwa teknolojia italimaliza tatizo hilo yenyewe. Mwaka 2021 Toyota ilizindua Land Cruiser 300, ikachukua nafasi ya toleo la 200. Injini ya dizeli ya V8 yenye ujazo wa lita 4.5 iliondolewa, ikaja V6 ya lita 3.3. Gari lilipunguzwa uzito kwa takriban kilo 200, na giaboksi ikawa na gia 10.

Ni maendeleo yasiyobishaniwa. Hata hivyo, kwa vipimo rasmi vya Australia, soko kubwa la magari hayo, matumizi yalishuka kutoka lita 9.5 hadi lita 8.9 kwa kilometa 100. Gari linalotembea kilometa 40,000 kwa mwaka litaokoa lita 240. Lita moja ya dizeli ikikadiriwa kuwa Sh3,000, kiwango ambacho bei kikomo za EWURA zimekipita mara kadhaa tangu 2022, akiba hiyo ni Sh720,000 kwa mwaka.

Akiba hiyo huweza kuteketea nje ya ukumbi wa mkutano. Injini kubwa ya dizeli iliyoachwa ikiunguruma ili kiyoyozi kimpoze dereva na viti hutumia walau lita moja kwa saa. Saa nne kwa siku, kwa siku 250 za kazi, ni lita 1,000. Kazi yote ya wahandisi humezwa mara nne bila gari kusogea hata hatua moja.

Mwendo nao una gharama yake. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo gari refu lenye kifua kipana likitoka kilometa 80 kwa saa hadi 120, hewa hulikabili kwa nguvu zaidi ya mara mbili. Misafara inayopita kama upepo hulipia haraka hiyo kwenye pampu.

Lakini jambo zito zaidi limo ndani ya gari lenyewe. Shangingi lina safu tatu za viti na hubeba watu saba au zaidi. Lilibuniwa kwa ajili ya familia kubwa na safari ndefu. Barabarani mara nyingi huonekana likiwa na dereva mbele na kiongozi mmoja nyuma, safu ya tatu ikiwa imekunjwa.

Tazama safari ya Dar es Salaam na Dodoma, kwenda na kurudi, ambayo ni takriban kilometa 900. Kwa kipimo cha lita 8.9, gari jipya litatumia lita 80, yaani Sh240,000. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, ilipangiwa nauli ya Sh31,000 kwa daraja la kawaida, sawa na Sh62,000 kwenda na kurudi.

Kiongozi mmoja ndani ya shangingi hugharimu karibu mara nne ya abiria wa treni, kwa mafuta peke yake. Lakini abiria sita wakipanda gari hilohilo, kila mmoja atagharimu Sh40,000, chini ya nauli ya treni. Gari ni lilelile, barabara ni ileile na mafuta ni karibu yaleyale. Kilichobadilika ni viti vilivyokaliwa.

Hata watengenezaji wameligundua hilo kwa njia yao. Nchini Marekani, Land Cruiser ya V8 ya petroli ilitumia karibu lita 17 kwa kilometa 100. Toleo la 2024 lenye mfumo mseto wa petroli na umeme limeshuka hadi lita 10, lakini betri imechukua nafasi ya safu ya tatu. Katika soko hilohilo, Toyota Grand Highlander ya mfumo mseto ina safu tatu na hutumia takriban lita 6.5. Tofauti ni kwamba hiyo ni gari la lami, si la makorongo.

Hapo ndipo watetezi wa shangingi wanapokuwa na hoja. Mganga Mkuu wa wilaya ambayo barabara zake hukatika masika hawezi kuambiwa apande gari dogo. Lakini hoja hiyo hulitetea shangingi la Ngara au Tunduru. Hailitetei lile linalotoka ofisini hadi nyumbani katikati ya jiji.

Kwa hiyo kubadilisha V8 kwa V6 si sera ya kubana matumizi. Sera ingeanza na daftari la safari. Likiandikwa kilometa na lita pekee, bila idadi ya waliobebwa na sababu ya safari, hakuna mkaguzi atakayejua kama mafuta yalifanya kazi ya umma au yalipoza viti vitupu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.