Jicho Halinunuliwi

Kijana apendaye kufungua mashine mbovu ili aone yaliyomo ndani yake anastahili sifa. Mafundi wengi wa redio walianza hivyo. Basi hatuandiki leo ili kuwakataza wanafunzi kuitumia mikono yao. Twataka kusema habari ya kitu kimoja tu ambacho wengine hukitoa katika mashine hizo, nacho ni leza.

Leza ni nini? Ni mwanga, lakini si kama mwanga wa taa. Mwanga wa taa hutawanyika pande zote. Mwanga wa leza husafiri pamoja katika mstari mwembamba. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman, huko California katika Marekani. Tangu siku zile imekuwa mtumishi mwema: madaktari huitumia kutibu, na mafundi huitumia kukata chuma. Leza ndogo imo pia katika mashine ya kompyuta iandikayo diski za DVD. Humo imefungiwa sandukuni, mwanga wake hautoki nje, wala haimdhuru mtu. Lakini kijana huitoa, huitia katika tochi kuukuu pamoja na betri, kisha huwaonyesha wenzake jinsi inavyowasha kiberiti. Wote hushangilia. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Tupime nguvu yake. Tochi ya leza ya kuonyeshea ubaoni yafaa isizidi miliwati 1. Ile iliyotolewa katika mashine ya DVD yaweza kupita miliwati 100. Mwale wa miliwati 1 ukiingia jichoni, kope hufumba zenyewe katika muda wa robo ya sekunde, na jicho huokoka. Lakini mwale wa miliwati 100 haungoji kope. Kabla hujafumba, umekwisha kuunguza.

Kwa nini jicho huumia kuliko mkono? Kwa sababu lenzi ya jicho hufanya kama kile kioo ambacho watoto hukusanyia jua juu ya jani kavu. Huukusanya mwale wote katika nukta ndogo kuliko ncha ya sindano, juu ya utando ulio nyuma ya jicho, uitwao retina. Katikati ya utando huo ndipo tunaposomea kitabu na kuzitambua nyuso za watu.

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Maana yake, maumivu yatamfundisha. Lakini retina haihisi maumivu. Wembe humfundisha mtoto kwa kidole kitakachopona. Leza huunguza kimya, na kovu lake laweza kudumu maisha yote. Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi walieleza habari za mvulana wa miaka 15 aliyenunua tochi ya leza ya miliwati 150, nguvu ambayo leza za kujitengenezea huweza kuifikia. Alicheza nayo mbele ya kioo, na mwale ukamrudia machoni. Jicho moja lilidhoofika hata akaweza tu kuhesabu vidole vilivyo karibu naye. Alitibiwa, akapata nafuu, lakini makovu yalibaki.

Tena, msiitegemee rangi. Leza ya zambarau huonekana hafifu, kumbe ina nguvu nyingi. Leza nyingi za kijani huzaliwa kutokana na mwanga usioonekana, na zile za bei rahisi huweza kuuacha mwanga huo utoke bila mtu kuuona. Wala msiitegemee karatasi iliyobandikwa juu yake. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa habari ya tochi 122 za leza ilizozipima: karibu 90 katika kila 100 za kijani, na 44 hivi katika kila 100 nyekundu, hazikufuata sheria ya usalama. Miwani ya jua nayo si ngao. Hulipunguza jua, haiuzuii mwale huo.

Basi, ninyi wanafunzi, mkifungua mashine iandikayo diski, iacheni leza mahali pake. Injini yake ndogo na gurudumu zake zatosha kuwafundisha mengi. Mkitaka kutengeneza tochi, chukueni taa ndogo ya kawaida. Msimwelekezee mtu mwale wowote wa leza, wala msiuelekeze kwenye kioo, kwa maana kioo huurudisha.

Nanyi wazazi, mkiona tochi iwezayo kutoboa karatasi au kuwasha kiberiti, msingoje: hicho si kitu cha kuchezea. Mtoto akisema kuna doa katikati ya macho yake, au mistari ya daftari yaonekana imepinda, mfumbeni jicho moja, kisha la pili, mkaulize aonavyo kwa kila jicho. Halafu mpelekeni kwa daktari wa macho upesi, hata kama hasikii maumivu yoyote. Msimtie dawa za majani wala matone ya kununua sokoni. Jeraha liko nyuma ya jicho, na matone hayo hayalitibu.

Tochi ikiharibika, fundi hutafuta kipande kingine akakitia. Retina iliyoungua haina kipande cha badala.