Fungueni Madirisha: Mgonjwa Naye ni Msafiri



Leo hatuna mapishi wala mishono ya Idi. Leo tuna la kusema, na tutalisema bila kulipaka asali.

Wifi yetu ameolewa bara, tena mbali: Ikinga, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, kule milimani ambako ukivuka Mto Songwe umeshaingia Malawi. Aligundulika na saratani ya titi, akaanzishiwa dripu za kemo. Baina ya dozi moja na nyengine alituomba jambo moja tu. Alitaka Idi imkute Unguja, awapeleke wanawe wawili kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, akae kwenye kivuli awatazame wakipanda mabembea. Hakutaka kanzu mpya wala zawadi. Alitaka wanawe wawe na siku hiyo kichwani mwao, na yeye awemo ndani yake.

Daktari wake hakumkataza. Alimhesabia siku, akamwambia lini anaweza kuondoka na lini asithubutu.

Waliomkataza ni sisi. Ndiyo, sisi jamaa zake. Mmoja wetu alisema: "Mgonjwa hasafiri, akae atulie." Mwengine akasema: "Watoto wataletwa, yeye abaki." Wa tatu akasema: "Aje tu, Mungu atamlinda," halafu akamtafutia usafiri wa bei ya chini kuliko wote. Kila mmoja alidhani anasema kwa huruma. Tunaandika leo kwa sababu maneno yote matatu yalikuwa makosa, na kubwa kuliko yote ni lile la tatu.

Yaliyotokea garini

Mmoja wetu alikwenda kumchukua. Kutoka Ikinga walipanda Noah alfajiri, baridi ya milimani inauma mifupa. Kiti cha watu watatu walikaa wanne na mtoto mapajani. Madirisha yote yamefungwa, vioo vimelowa kwa pumzi za watu. Nyuma yao mzee mmoja anakohoa, anapumzika, anakohoa tena.

Wifi yetu akaomba kwa adabu dirisha lifunguliwe kidogo. Abiria wakapiga kelele kuwa watakufa kwa baridi. Konda akamjibu: "Mama, ukitaka upepo kodi gari yako." Mwengine akaitazama barakoa aliyoivaa, akauliza kwa sauti: "Kwani una nini wewe, ngoma?" Gari zima likacheka.

Na yule mwenzetu aliyekaa ubavuni pake? Alinyamaza. Aliona haya. Hadi leo analia akisimulia, na ndiye aliyetutaka tuandike.

Wakafika Unguja siku ya tatu. Idi mosi wifi yetu alikuwa hoi. Idi pili joto likapita 38, tukamkimbiza hospitali, maana kwa mtu wa kemo joto hilo si la kusubiri panadoli. Watoto walikwenda Kariakoo na shangazi zao. Alhamdulillah, yeye alipona homa ile na yuko hai. Nani alimwambukiza hatujui, na hatumsingizii mzee wa watu. Tunachokijua ni kwamba tulimsafirisha kama gunia la viazi, kisha tukashangaa alipoumia.

Kinga ikipungua

Wapo wanaodhani kinga pungufu ni neno la heshima la Ukimwi. Si hivyo. Dawa za kemo huua chembe zinazokua haraka, na chembe nyeupe za damu zimo humo humo. Kwa kawaida hushuka chini kabisa baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Ndiyo maana daktari alihesabu siku. Ukikata tiketi kwa kufuata ofa ya kampuni badala ya hesabu ile, umeshakosea kabla ya kufunga begi.

Lakini hayuko peke yake. Yupo aliyepandikizwa figo, anayekunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote ili mwili usikikatae kiungo kipya. Yupo mwenye kisukari kisichoshikika, anayetumia steroidi muda mrefu, mtoto mchanga, bibi wa miaka themanini. Na yupo anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa au alizikatiza. Kwa hawa, kifua kikuu ndicho kinachoua kuliko maradhi mengine, na kifua kikuu hakipiti kwa kushikana mkono. Kinapita kwa hewa. Inakisiwa robo ya watu duniani wamebeba vimelea vyake, na kwa wengi vimelala tu kwa sababu kinga inavilinda. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa maradhi haya. Basi tusijifanye kikohozi ndani ya gari lililofungwa ni jambo dogo.

Sasa sikieni dawa yake, na haiuzwi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa katika hospitali za Lima, Peru. Vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadilisha hewa yake kiasi cha mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mashine ya kusukuma hewa, mara 12. Na vyumba vya zamani, vyenye dari refu na madirisha makubwa, vilishinda vipya. Wazee wetu waliojenga Mji Mkongwe wangecheka, maana nyumba zao zilipumua.

Gari gani basi?

Wengi wetu tunachagua usafiri kwa bei na kwa sura ya gari. Mwenye kinga pungufu aulize maswali matatu: hewa inatoka wapi, nitakaa karibu na watu wangapi, na kwa saa ngapi?

Hapo ndipo tunapodanganywa na kiyoyozi. Basi kubwa lenye vioo visivyofunguka na viti vya kulala linaonekana ni la heshima. Lakini hewa baridi si lazima iwe hewa mpya. Mara nyingi ni ile ile inayozungushwa, mmekaa nayo zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wengi wanapenda kulala njiani. Kwa mwenye afya ni raha. Kwa mgonjwa ni usiku kucha katika chumba kimoja na watu hamsini. Bora basi la mchana lenye madirisha yanayofunguka, kiti cha mbele, na kituo cha kulala Mbeya au Iringa kwa jamaa anayeaminika.

Noah na Coaster si mbaya kwa umbo lake, ni mbaya kwa ujazo wake. Barabara ya Mpemba hadi Isongole ina lami sasa, kwa hiyo kile kisingizio cha vumbi hakina nguvu tena kwenye kipande hicho. Penye vumbi fungeni, mkilipita fungueni. Na kama familia inaweza, lipeni viti viwili: kimoja cha mgonjwa, kimoja cha nafasi. Msijifanye hamuwezi. Sisi sisi tunashona sare tatu kwa harusi moja.

Treni ya TAZARA ina jambo ambalo basi halina. Reli hii iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 inapita Tunduma na Mbeya hadi Dar, na behewa lake la kulala lina vyumba: daraja la kwanza vitanda vinne, la pili sita. Familia ikichukua chumba kizima, inafunga mlango wake na kufungua dirisha lake. Aibu yake ni ratiba. Ulizeni stesheni kwanza kama inatembea, na msipange siku ya kliniki kwa kutegemea saa yake.

Ndege kutoka Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012 upande wa Mbeya, ni ghali, lakini safari ya siku nzima au mbili inakuwa ya saa moja na kitu. Ndege kubwa za kisasa huchuja hewa yake kwa vichujio vinavyonasa karibu vijidudu vyote, tena hubadilisha hewa mara nyingi kwa saa. Hatari kubwa iko kwenye foleni na ukumbi wa kusubiri. Barakoa ivaliwe huko, isingoje mpaka kupanda.

Na boti yetu ya kuja Unguja? Saa mbili hivi tu, na nje kuna upepo wa bahari wa bure. Lakini tunamvuta mgonjwa ndani kwenye televisheni na madirisha yaliyofungwa "asipigwe na upepo". Mpelekeni nje, penye kivuli, mumfunike khanga mbili. Bahari haijamuua mtu kwa kupumua.

"Mungu atamlinda"

Hapa tuseme wazi, maana sisi ni watu wa dini na maneno haya tunayatamka kila siku.

Yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba akidai anamtegemea Mwenyezi Mungu, sote tunajua Mtume (S.A.W.) alimwelekeza nini: afunge kwanza, kisha ategemee. Anayemsukuma mgonjwa kwenye gari lililoshonana, kisha akasema Mungu atamlinda, amemwacha ngamia wazi na kumsingizia Mola wake. Huo ni ubahili uliovishwa kanzu, wala si tawakkul.

Tena tazameni hukumu ya funga. Qur'ani imemtaja mgonjwa na msafiri pamoja, ikawapa wote wawili wepesi. Haikumwambia mgonjwa asisafiri, wala haikumwambia msafiri asiugue. Imejua kuwa binadamu anaweza kuwa yote mawili kwa siku moja. Sisi ndio tuliowageuzia wepesi kuwa adhabu: mgonjwa tumemfungia ndani, na msafiri tumembana mpaka hapumui.

Na pale palipotajwa maradhi ya kuambukiza, tulifundishwa kuwa aliye penye tauni asitoke. Aliyezuiwa kutoka huko ni yule anayeweza kuyabeba maradhi. Sisi tumepindua: mwenye kikohozi cha wiki tatu anasafiri apendavyo bila kwenda hata kupima makohozi, na asiyeweza kumdhuru mtu ndiye tunayemwambia abaki nyumbani.

Tunachokidai

Kwa jamaa: muacheni mgonjwa na daktari wake waamue. Kazi yenu ni kuuliza "tukusafirishe vipi?", si "unakwenda kufanya nini?" Kama kuna harambee, ichangeni nauli nzuri sasa. Mtu akifa tunachanga vizuri sana, mabasi mawili yanajaa. Mchango wa nauli ya aliye hai unatushinda nini?

Kwa madereva na makonda: idadi ya abiria kwenye gari lenu si pendekezo. Na abiria akiomba hewa, hakuomba anasa.

Kwa abiria wenzetu: unayekohoa, vaa barakoa, jizibe kwa kiwiko, kaa dirishani. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kapime. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure kwenye vituo vya serikali. Unayeona baridi, beba shuka. Aliyevaa barakoa usimuulize ana nini. Mtu asilazimike kutoboa siri ya damu yake mbele ya watu kumi na mbili ili afunguliwe dirisha.

Na kwa wewe unayekaa ubavuni mwa mgonjwa, tunakuomba kwa machozi ya mwenzetu: sema. Yeye hana pumzi ya kugombana, wewe unayo. Sema, "Jamani, tufungue kidogo." Wakicheka, rudia.

Wifi yetu amerudi Ikinga. Dozi zilizobaki anaendelea nazo, na Idi nyengine inakuja, Inshallah. Safari hii mchango umeshaanza: tiketi ya ndege kutoka Songwe, gari moja ya kumshusha kutoka milimani, na kiti cha nje kwenye boti. Watoto wake wameshauliza kama safari hii mama atakuwepo kwenye mabembea. Tumewaambia tutafanya sehemu yetu.

Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wetu wote, na atusamehe tulionyamaza. Amin.