Mlango wa Pili Si Mlango wa Nyuma

Kuna orodha mbili ambazo kila zinapotoka hubadili hali ya nyumba nyingi nchini. Ya kwanza ni ya vijana waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano na vyuo. Ya pili ni ya wanaoitwa kazini katika utumishi wa umma. Siku hizo sote huwajadili waliomo: nani ameongoza, shule ipi imetia fora, mkoa upi umeshuka. Wasiokuwemo huachiwa nasaha moja, kwamba wasikate tamaa. Nasaha hiyo ni njema, lakini si sera. Leo nataka tuwazungumzie hao wasiokuwemo, na nchi inawadai nini na wao wanaidai nini.

Ili tusianze kwa kunyoosheana vidole, naomba tutoke kidogo nje ya mipaka yetu, twende kwenye mchezo ambao hapa Gairo hauna uwanja wala mashabiki: mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Ligi yake kuu, NFL, ina utaratibu wa uteuzi ulioanza mwaka 1936. Kila mwaka timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu. Siku hizi uteuzi huo una raundi saba. Wahenga wetu waliosema riziki ni mafungu saba wangeuelewa mara moja. Kijana akitajwa, haki ya kumsajili ni ya timu iliyomtaja. Asipotajwa, hubaki na simu yake mkononi akisubiri ilie.

Mwaka 1998 waliotajwa walikuwa 241. Wa kwanza kabisa alikuwa Peyton Manning, aliyechukuliwa na Indianapolis Colts awe mpiga pasi na kiongozi wa mashambulizi yao. Jeff Saturday, mhitimu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, hakutajwa na timu yoyote. Yeye alicheza katikati ya safu ya mbele, miongoni mwa watu watano wanaosimama kama ukuta kumkinga mpiga pasi. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.88 na uzito wa zaidi ya kilo 130, lakini kwa mizani ya wateuzi huo ulikuwa mwili mdogo. Timu ya Baltimore Ravens ilimsajili kama mchezaji huru, kisha ikamwacha kabla msimu haujaanza. Akaenda kufanya kazi katika duka la vifaa vya umeme mjini Raleigh.

Mapema mwaka 1999 mtu aliyecheza naye chuoni, Nate Hobgood-Chittick, alimwendea meneja mkuu wa Colts, Bill Polian, akamweleza habari za mwenzake aliyekuwa dukani. Polian akakubali amjaribu. Saturday akaingia mazoezini, akapambanishwa na wengine, akabaki. Kuanzia msimu wa 2000 nafasi ya katikati ikawa yake. Alikaa Colts hadi 2011, akamalizia Green Bay Packers mwaka 2012, akaitwa mara sita kwenye mchezo wa nyota wa ligi, na Februari 2007 akatwaa ubingwa wa Super Bowl, Colts walipowafunga Chicago Bears 29 kwa 17. Yeye na Manning walianza pamoja katika mechi 170. Katika mechi zote hizo mpira ulianzia mikononi mwa kijana aliyeachwa na kila timu mwaka 1998, ukaingia mikononi mwa kijana aliyetangulia kuliko wote mwaka huohuo.

Wateuzi walimkosaje? Sehemu ya jibu iko katika kazi yenyewe. Mpiga pasi huhesabiwa umbali wa pasi zake, na mkimbiaji huhesabiwa mabao. Mtu wa safu ya mbele hana hesabu yake inayosomwa redioni; jina lake husikika zaidi siku anapokosea. Utumishi wetu wa umma umejaa watu wa namna hiyo. Mwalimu wa darasa la kwanza, mkunga wa zahanati, mtendaji wa kijiji anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba kabla haujafika polisi: kazi yao ikifanyika vizuri, hakuna tukio la kuripoti. Mfumo wowote wa kuchagua hupima kwanza kilicho rahisi kupimika, na watu wa ukuta hupungukiwa alama.

Orodha hukosea pia upande wa pili. Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya kikapu ya Marekani, NBA. Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, na Curry akaja kuwa bingwa mara nne. Simtaji ndugu yetu kwa kumkejeli. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile, na heshima hiyo haifutiki. Namtaja kwa sababu waliomchagua walikuwa na fedha, madaktari, picha za video na wataalamu waliolipwa kufanya kazi hiyo moja tu. Ikiwa hao hukosea, sisi tunaompima kijana kwa mtihani wa siku chache tunapata wapi ujasiri wa kusema tumemaliza habari zake?

Sihitaji kwenda Marekani kulithibitisha hilo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba zaidi ya watahiniwa 240,000, takribani asilimia 60, walipata sifuri. Tume iliundwa, na Mei mwaka huo Serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu uliokuwa ukitumika kabla. Yalipotoka tena, maelfu waliokuwa na sifuri walikuwa wamepata daraja. Hakuna aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, na vijana walewale. Kilichosogea ni mstari, na mstari huchorwa na watu. Anayeutumikia mstari huo ofisini, na anayeukata tamaa nyumbani, wote wanapaswa kulikumbuka jambo hili.

Sisemi mistari ifutwe. Nafasi ni chache, na pasipo kuchagua kwa vigezo tutachagua kwa udugu. Hoja yangu ni kwamba mfumo unaochora mstari una wajibu wa kujenga mlango wa pili, na mlango huo uwe na sifa tatu: uwe wazi kwa kila mtu, uwe na kipimo cha kweli, na anayeusubiri asife njaa.

Tutazame sifa hizo kwa Wamarekani. Uteuzi ukiisha, kijana asiyetajwa anaweza kusajiliwa na timu yoyote inayomtaka. Kila timu huingia kambini na watu hadi 90, kisha huchuja hadi 53. Baadhi ya walioachwa hubakizwa katika kikosi cha mazoezi, na kikosi hicho hulipwa: mwaka 2023 chipukizi alilipwa dola 12,000 kwa wiki. Fedha zao si zetu, naelewa. Ninachokitazama ni kanuni: mtu anayewekwa tayari kwa faida ya taasisi hulipwa na taasisi.

Mlango huohuo aliwahi kuupita jirani yetu. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Colts haohao mwaka 2013 ingawa hakuwahi kucheza mechi hata moja ya mpira wa Kimarekani. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani. Mwaka 2015 akaachwa. Wapo watakaosema huo ni ushahidi kwamba wateuzi huwa sahihi. Mimi nasema mlango ulifanya kazi yake. Mlango wa pili haumwahidi mtu kwamba atafika; unamwahidi kwamba atapimwa.

Tena milango hii haikushuka kama mvua. Mwaka 2011 wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji nje kwa zaidi ya miezi minne, wakigombania mgawanyo wa mapato na masharti ya kazi. Miongoni mwa wachezaji waliokaa mezani kwa niaba ya chama chao alikuwa Jeff Saturday, aliyekuwa katika kamati yake tendaji. Julai 25 mwafaka ulipotangazwa, picha yake akimkumbatia Robert Kraft, mmiliki wa New England Patriots, ilienea kote. Wanaharakati wenzangu waitafakari picha ile. Mtu aliyeachwa na orodha mwaka 1998 alikuja kuzungumza kwa niaba ya walioorodheshwa na wasioorodheshwa, kwa sababu palikuwa na chama chenye nguvu na yeye hakuona kwamba kufanikiwa kwake peke yake kunatosha.

Sasa turudi nyumbani. Gairo, wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, iko kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Magari hupita mchana na usiku, na vijana wengi wenye vyeti wanayauzia abiria mazao ya mashamba ya wazazi wao. Mmoja niliyezungumza naye ni mhitimu wa ualimu. Kwa miaka mitatu amefundisha hisabati kwa kujitolea katika shule ambayo sitaitaja. Hulipwa nauli wazazi wanapochanga, na wasipochanga hutembea. Hofu yake kubwa si usaili. Anahofia kwamba siku ya usaili miaka hiyo mitatu haitakuwa na alama hata moja, na atapimwa sawa na mtu ambaye hajawahi kushika chaki. Yeye ni kikosi cha mazoezi kinachocheza mechi kamili kila siku bila malipo, na wanafunzi wake hawajui kwamba mwalimu wao hayumo kwenye orodha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: milango ya pili tunayo. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992, VETA mwaka 1994, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina historia ndefu zaidi. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. VETA hutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, hata fundi aliyejifunzia gereji apate cheti. Waliofaulu usaili wa utumishi wa umma wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata. Kasoro iko katika namna tunavyoitazama milango hii. Tunaisimulia kama huruma kwa walioshindwa, nayo hupewa kilichobaki baada ya wengine kushiba.

Yapo pia maradhi mengine, na hapa maisha ya Saturday yanatupa somo lisilopendeza. Novemba 2022 mmiliki wa Colts, Jim Irsay, alimteua kukaimu ukocha mkuu wa timu. Saturday alikuwa hajawahi kufundisha katika chuo wala katika ligi. Uzoefu wake ulikuwa wa shule ya sekondari. Hapakuwa na ushindani. Makocha wasaidizi waliokuwa wakisubiri kwa miaka mingi walirukwa, na watu wakauliza kwa haki kuhusu makocha weusi, ambao uchache wao katika cheo hicho ni mjadala wa muda mrefu. Timu ilishinda mechi moja na kupoteza saba.

Mtu ni yuleyule, timu ni ileile, na mara zote mbili palikuwa na mtu anayemfahamu ndani. Tofauti ni kipimo. Mwaka 1999 neno la rafiki lilimfikisha uwanjani, na uwanja ndio uliompa nafasi. Mwaka 2022 neno la mwenye mali lilimpa nafasi kwanza, uwanja ukaja baadaye. Ule wa kwanza ndio ninaouita mlango wa pili. Huu mwingine ni mlango wa nyuma, na sote tunaujua kwa majina yake ya Kiswahili: kujuana, kubebana, mtoto wa fulani. Mlango wa pili unapokuwa mwembamba, watu huuzoea wa nyuma, na wanaoumia ni wale wasio na rafiki wala mjomba.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu. Kwa watumishi wa umma wanaoandika miongozo: miaka ya kujitolea iliyothibitishwa na mkuu wa shule au zahanati iwe na alama zinazojulikana kabla ya usaili, na anayejitolea apate posho ya chini iliyowekwa kwa waraka, isitegemee michango ya wazazi. Kwa wanaharakati: ulizeni kila mwaka ni wangapi wameitwa kazini kutoka kanzidata na ni wangapi wamepata vyeti vya ujuzi, wilaya kwa wilaya, Gairo ikiwemo. Kwa wanafunzi wangu: orodha ikitoka nanyi hamumo, msikubali kuambiwa kwamba imewajua ninyi ni nani. Inajua kitu kimoja tu, kwamba mstari ulipita mahali fulani siku fulani. Nanyi mnaojikuta mmo, mkishaingia, msiufunge mlango nyuma yenu.