Majambazi Waliopiga Kelele Mno

Juma lililopita niliketi sebuleni pamoja na mama yangu mzazi kutazama filamu, jambo ambalo ni nadra sana nyumbani kwetu, kwani mama, ambaye sasa umri umemwendea, huamini kwamba muda wa sinema ni usingizi ulioibwa. Mpwa wangu alikuwa ametuachia rundo la diski za filamu za zamani. Niliipekua moja baada ya nyingine hadi macho yangu yakaangukia Desperate Hours, iliyotolewa mwaka wa 1990. Niliichagua kwa sababu ya majina yaliyoandikwa juu yake. Mwongozaji wake, Michael Cimino, ndiye aliyetuzwa Oscar kwa The Deer Hunter ya mwaka wa 1978. Baba mwenye nyumba ni Anthony Hopkins, ambaye mwaka uliofuata aliutetemesha ulimwengu kwa The Silence of the Lambs. Jambazi mkuu ni Mickey Rourke, ambaye enzi hizo vijana wengi walitaka kutembea kama yeye. Nilijiambia kwamba chungu kilichopikwa na mikono kama hiyo hakiwezi kukosa chumvi.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Mhalifu aitwaye Michael Bosworth anatoroka mikononi mwa serikali kwa msaada wa wakili wake wa kike, ambaye anamletea bastola aliyoificha mwilini. Akiwa na nduguye na mwenzao wa tatu, anaivamia nyumba moja nzuri katika jimbo la Utah na kuiteka familia ya Cornell huku akimsubiri wakili huyo aje watoroke pamoja. Familia yenyewe tayari ina ufa: mume alikuwa amehama kwa ajili ya mwanamke mwingine, na sasa anajaribu kurudi kwa mkewe na watoto wake wawili. Ninakiri kwamba nilipofika hapo nilijisogeza mbele kitini. Mume asiye na kauli tena katika nyumba yake, mara anaingia mwanamume mwingine mwenye bastola na kukalia kiti chake! Ni mwandishi gani asingelitamani kupewa mwanzo kama huo?

Haukupita muda mrefu, mama akaniuliza swali ambalo limenishughulisha hadi leo. "Hawa mbona wanapiga kelele hivi? Majirani wao hawasikii?"

Sikuwa na jibu, na ninavyoona mimi, hata Cimino hakuwa nalo. Katika filamu hii kila mtu hupaza sauti. Rourke hufoka, kisha hunong'ona kwa madaha, kisha hufoka tena. Hopkins, mtu ambaye akinyamaza tu hutia hofu, naye anaburutwa katika mashindano hayo ya kubweka. Mkuu wa wapelelezi wa FBI, mama mmoja mkali, huwafokea maafisa wake kana kwamba yuko uwanjani akiongoza gwaride. Tunaambiwa kwamba Bosworth ni mtu mwenye akili nyingi kupita kiasi, nasi tunatakiwa kuamini hayo kwa sababu tu amevaa vizuri na anazungumza kwa mbwembwe. Akili yenyewe sikuiona ikifanya kazi. Mtu mwenye akili aliyejificha katika nyumba ya watu hupunguza sauti.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba filamu yenyewe haiwezi kutulia nyumbani. Kila baada ya dakika chache kamera hutoroka. Mara tuko na wakili na wapelelezi wanaomwandama, mara tuko barabarani, mara tuko katika mabonde na milima ya Utah, ambako mmoja wa majambazi, aliyeamua kwenda zake peke yake, anauawa na polisi mtoni. Mandhari hayo yanapendeza sana, sikatai. Cimino alikuwa na jicho la milima tangu zamani. Lakini kila tunapotolewa nje tunavuta pumzi ambayo familia ya Cornell imenyimwa. Tukirudi ndani, hofu imekwisha kupoa na inabidi ipashwe moto upya, na njia ya pekee wanayoijua watengenezaji hawa ya kupasha moto ni kelele nyingine.

Huenda msomaji akasema kwamba ninamwonea Cimino. Basi na tumlinganishe na waliomtangulia, kwani filamu hii ilikuwa ya kurudiwa. Kisa hiki kiliandikwa kwanza na Joseph Hayes kama riwaya mwaka wa 1954. Mwaka wa 1955 kikawa tamthilia jijini New York, kijana Paul Newman akiwa jambazi na Karl Malden akiwa baba, na mwaka huo huo kikawa filamu chini ya uongozi wa William Wyler, Humphrey Bogart akiwa jambazi na Fredric March akiwa baba. Niliiona filamu hiyo ya Wyler miaka mingi iliyopita, na kuna mambo mawili yake ambayo hayajanitoka.

La kwanza ni baiskeli. Majambazi wanapita mtaani wakitafuta nyumba ya kujificha, nao wanaichagua ile yenye baiskeli ya mtoto iliyoachwa nje kwenye nyasi. Wanajua kwamba penye mtoto, mzazi hatathubutu kufanya ushujaa. Kifaa cha mchezo kinageuka kuwa mwaliko kwa jambazi, wala hakuna aliyepaza sauti. La pili ni kwamba baba yule anaruhusiwa kwenda kazini. Anatoka, anawaona watu, anasalimiwa. Anaweza kumwambia yeyote yale yaliyo nyumbani kwake, wala hasemi, kwa sababu mkewe na mwanawe wako kule. Mlango uko wazi naye bado ni mfungwa. Filamu ya mwaka wa 1990 ilikuwa na rangi, na milima, na damu nyingi zaidi, lakini haina chochote kinachoikaribia hofu hiyo. Na kinachoshangaza ni kwamba Hayes mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioandika mchezo wa filamu hiyo ya pili.

Nyuma ya riwaya, tamthilia na filamu hizo mbili kuna familia ya watu wa kweli. Mnamo Septemba 1952, watoro watatu wa gereza waliingia katika nyumba moja huko Whitemarsh, Pennsylvania, wakawashikilia baba, mama na watoto wao watano kwa muda wa saa 19, kisha wakaondoka. Hakuna aliyepigwa. Baba mwenye nyumba aliwaeleza waandishi wa habari kwamba watu wale waliwatendea kwa adabu. Familia ile ilihamia jimbo la Connecticut ili ipate kusahauliwa. Lakini Februari 1955 jarida la Life lilichapisha makala yaliyoihusisha tamthilia ya Hayes na yaliyowapata, tena likawapeleka waigizaji katika nyumba ile ile waliyoihama wakapigwe picha wakiigiza mapambano. Katika tamthilia kulikuwa na mapigo na matusi ambayo familia haikuyapata kamwe. Walishtaki. Kesi ilizunguka mahakamani miaka mingi hadi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako wakili wao alikuwa Richard Nixon, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi hiyo. Mnamo Januari 1967 mahakama iliamua dhidi yao kwa kutetea uhuru wa vyombo vya habari.

Nimeisoma habari ya familia hiyo mara kadhaa, na sababu ninayo.

Mwaka wa 1994, wakati wa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili, watu wanne waliingia nyumbani kwetu viungani mwa Nairobi. Ilikuwa yapata saa nne za usiku. Walibisha wakasema ni polisi, na baba akafungua, kwa maana enzi hizo mtu hakuwa na la kufanya polisi wakibisha. Walikuwa na bastola moja na mapanga mawili. Walipomaliza kukusanya walivyovitaka, mwenzao aliyekuwa dirishani akawaambia kwamba gari la doria limesimama kwenye njia panda. Basi wakakaa. Walikaa nasi hadi karibu na alfajiri.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa na majambazi wanaosubiri, huenda usiniamini nikikuambia kwamba usiku ule ulikuwa kimya kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi. Saa ya ukutani ilisikika. Walizungumza kwa sauti ya chini, nasi tukajifunza upesi kuzungumza vivyo hivyo. Mmoja wao alifunua sufuria, akala ugali na sukuma wiki zilizobaki, akamwomba mama chumvi. Mama akampa. Mwingine alimuuliza dada yangu mdogo yuko darasa la ngapi, na alipojibiwa akamhimiza asome kwa bidii. Hakuna aliyeinua mkono. Lakini nilimwona baba, ambaye alikuwa karani mwenye heshima zake na mzee wa kanisa, akiomba ruhusa ya kwenda msalani katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kijana aliyempa ruhusa alikuwa amekalia kiti chake. Baba hakuzungumza juu ya jambo hilo hadi alipofariki.

Walichukua redio, televisheni, suti ya baba na karo yetu ya muhula wa tatu. Hivyo vilipatikana tena, polepole. Lililotuhamisha mtaa ni lile lililofuata. Kufikia adhuhuri majirani walikuwa wakisema kwamba baba alizabwa makofi mbele ya watoto. Kufikia jioni bastola moja ilikuwa imekuwa bunduki tatu. Na kufikia Jumapili, kanisani na kwenye foleni ya maji, wanawake walinyamaza mama alipokaribia, kwa namna ambayo hata mimi, mvulana wa umri ule, nilifahamu walichokuwa wakikisema. Halikutokea. Mama alilikanusha mara ya kwanza, na ya pili, kisha akaacha, kwa maana kila alipokanusha walimwonea huruma zaidi. Mwezi wa Desemba tulihama.

Kwa hivyo ninapoitazama Desperate Hours siwezi kujifanya mwamuzi asiye na upande. Ninajua kwamba filamu si ushahidi wa mahakamani na kwamba msanii ana ruhusa ya kuongeza. Hata Wyler aliongeza. Katika filamu yake watu wanakufa. Tena sikumbuki kumshutumu mwandishi yeyote wa hadithi kwa kutunga. Ninachomlaumu Cimino ni kwamba alichoongeza ni kidogo kuliko alichoondoa. Aliongeza mayowe, akaondoa kusubiri. Aliongeza milima, akaondoa sebule. Aliongeza mhalifu mwenye majivuno, anayetazamwa na kamera kama mchumba, akawasahau watu wanne wanaopaswa kujua jinsi ya kupita karibu naye wakielekea jikoni. Hopkins angeweza kutuonyesha aibu ya mwanamume anayeomba ruhusa kwake mwenyewe. Anayo sura ya kazi hiyo. Hakupewa nafasi, kwani kila alipokaribia, mtu fulani alifoka au dirisha likavunjika.

Sijui kama watazamaji wa Marekani waliyaona haya au walichoka tu, lakini ukumbini filamu hii haikupata wengi, na wahakiki hawakuisaza. Tangu Heaven's Gate ya mwaka wa 1980, iliyokula mamilioni ya dola na kuiangusha studio ya United Artists, kila kazi ya Cimino ilipokelewa kwa jicho la shaka. Ninadhani safari hii shaka hiyo ilistahili. Aliaga dunia mwaka wa 2016, naye ataendelea kukumbukwa kwa The Deer Hunter, kama inavyopaswa.

Filamu hizi za uvamizi wa nyumba zingali zinatengenezwa kila mwaka, na nyingi zimerithi kosa hili hili. Mvamizi hupewa maneno yote matamu. Mwenye nyumba hupewa machozi na, dakika za mwisho, kisu cha jikoni. Mtoto wa mtaani kwetu anayezitazama atafikiri kwamba usiku wa majambazi ni usiku wa vurugu, na atakapokutana na jirani ambaye wezi walimtembelea, atamuuliza walimpiga wapi. Akiambiwa kwamba hawakumpiga, ataona kama amenyimwa hadithi.

Mama hakulala ile filamu ikiendelea, jambo ambalo nililiona la ajabu. Ilipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hakuna nyingine ya namna hiyo isiyo na kelele. Nikamweleza juu ya ile ya mwaka wa 1955, ya baiskeli, na baba aliyekwenda kazini akanyamaza. Akataka kujua kama baba huyo alisema chochote kule kazini, nami nikamwambia angoje ajionee mwenyewe. Mpwa wangu ameahidi kuitafuta. Akiipata, tutaitazama Jumamosi.