Simba wa Dola 50,000: Nani Kala Nini?

Najua nimepotea, msinilaumu. Wiki mbili hizi zilikuwa za tesiti mfululizo, na umeme wa bwenini kwetu nao una akili zake. Leo Jumapili nimepata upenyo, nguo ziko kwenye kamba, maharage ya kafeteria yameshatulia tumboni, acha nitoe la moyoni.

Ishu ilianzia chumbani kwetu. Kuna mshikaji wangu tunasoma naye mambo ya wanyamapori, anatafuta sehemu ya kwenda fildi, na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii imemkubalia. Weee! Chumba kizima kilimvaa. Mmoja akamwita msaliti, eti unasomea kulinda wanyama halafu unaenda kuwabebea Wazungu bunduki. Mwingine akatoa simu, akamwekea picha ya simba Cecil mbele ya uso. Ubishi ulienda mpaka saa nane usiku, majirani wakaanza kugonga ukuta. Mimi niko upande wa mshikaji, ila kwa masharti. Na kwa vile mifano yote iliyotajwa usiku ule ilitoka kusini, yaani Zimbabwe, Namibia, Botswana na Afrika Kusini, na mimi nitabaki hukohuko kusini.

Tuanze na huyo Cecil, maana wengi ndipo wanapoanzia na kuishia. Julai 2015 daktari wa meno kutoka Marekani, Walter Palmer, alimuua kwa upinde na mshale nje kidogo ya Hifadhi ya Taifa ya Hwange, Zimbabwe. Simba alikuwa na miaka 13 hivi, na shingoni alivaa kifaa cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford cha kuonyesha alipo. Safari iliripotiwa kugharimu kama dola 50,000. Dunia ikalipuka. Watu wakaenda kupanga wanasesere wa simba mlangoni kwa kliniki ya daktari. Zimbabwe ikasema haimshtaki Palmer kwa sababu karatasi zake zilikuwa sawa, na kesi ya mwindaji bingwa aliyemwongoza ilitupwa na mahakama mwaka 2016. Hadithi ikaishia hapo.

Katikati ya kilio hicho, Agosti 2015, mwanafunzi Mzimbabwe aliyekuwa anasoma shahada ya uzamivu hukohuko Marekani, Goodwell Nzou, aliandika kwenye New York Times kwamba kwao simba haliliwi. Kijijini alikokulia simba ni mnyama wa kutisha, akiuawa watu wanapumua. Wasomaji wengi wa huko walishangaa. Kwangu mimi ile ndiyo makala iliyosema kitu, maana iliwaingiza kwenye mazungumzo watu wanaolala karibu na simba. Wengine wote tulikuwa tunagombana juu ya kichwa chao.

Sasa kwa wale ambao hawajui safari yenyewe inavyokwenda, maana chumbani kule wengine walidhani mtu anashuka kwenye ndege na kuanza kufyatua. Mteja anaagiza mapema, mara nyingi mwaka mzima kabla. Kuna malipo ya kila siku anayokaa kambini, na kuna ada ya kila mnyama atakayeangushwa. Akitua Windhoek au Bulawayo anapokelewa na mwindaji bingwa mwenye leseni. Na leseni hiyo si mchezo. Zimbabwe mtu anafanya mtihani wa kuandika, mtihani wa shabaha, anakaa chini ya bingwa mwingine kama mwanafunzi, kisha anapelekwa porini kupimwa mbele ya mnyama hatari. Kuna watu wanapiga supu miaka na miaka!

Kambini kwanza mteja anajaribu bunduki yake kwenye shabaha ya karatasi. Kesho yake alfajiri wanaingia kwenye Land Cruiser, wanazunguka barabara za mchanga na visima vya maji kutafuta nyayo. Zikipatikana nyayo mbichi za nyati, gari linaachwa. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye mimi namwona ndiye mwenye safari: msoma nyayo. Anatembea mbele, kichwa chini, anakwambia wako wangapi, wamepita saa ngapi, kuna aliyechechemea. Kuna kifuko cha majivu, kinatikiswa kuangalia upepo unakoelekea, maana nyati akikunusa kazi imeisha. Wanaweza kutembea kilomita nyingi hivyo, jua la utosi. Wakikaribia, inasimamishwa miti mitatu iliyofungwa pamoja, mteja anaegemeza bunduki, bingwa amesimama pembeni na bunduki yake kubwa endapo mambo yataharibika. Na sheria ya biashara ni hii: damu ikimtoka mnyama hata tone, umemlipia, umpate usimpate.

Halafu inakuja picha. Mmeziona zile picha: mteja amepiga goti, bunduki imelazwa juu ya pembe, tabasamu mpaka masikioni. Msoma nyayo aliyeanza kazi saa kumi na moja alfajiri hayumo. Au yumo nyuma kabisa, na chini ya picha yameandikwa majina mawili, la mteja na la bingwa. Huyu wa tatu hana jina. Jamani, kwangu mimi swali zima la uwindaji liko pale. Damu tu hainipi shida sana, mimi mwenyewe Idd nakula mbuzi bila kutoa machozi. Nataka kujua yule asiye na jina amepata nini, na kijiji anachotoka kimepata nini.

Tuangalie basi nani kala nini.

Historia kwanza, fupi tu. Wakoloni walipoleta leseni, babu yako aliyewinda ili watoto wale nyama akawa jangili. Mgeni aliyewinda ili atundike kichwa ukutani akawa mwanamichezo. Hata sheria zilipolegea kusini huko, angalieni ziliwalegezea nani. Kufikia mwaka 1975, Rhodesia ile na Namibia iliyokuwa chini ya Makaburu zote zilishampa mwenye shamba lake binafsi haki ya kufaidi wanyama walio kwenye ardhi yake. Mwenye shamba wa wakati huo mnamjua rangi yake. Wanavijiji kwenye ardhi za pamoja, ambao tembo ndio walikuwa wanawamalizia mahindi, hawakupewa kitu.

Zimbabwe walianza kurekebisha mwaka 1989 kwa mpango wao wa CAMPFIRE. Kati ya mwaka huo na 2001 zaidi ya dola milioni 20 zilipelekwa kwa jamii, na karibu asilimia 90 ilitokana na uwindaji. Vijiji vilijenga madarasa, zahanati, mashine za kusaga. Lakini (na hii lakini ni kubwa) haki yenyewe ilikabidhiwa kwa halmashauri za wilaya, si kwa kijiji. Mwongozo ukasema zaidi ya nusu ishuke chini, ila halmashauri yenye njaa ikishika hela kwanza, mnajua wenyewe kinachoshuka. Uchumi ulipoanguka miaka ya 2000, sehemu nyingi kilichofika kijijini kilikuwa makombo. Sasa hapo mwambie mama wa kijijini kwamba tembo ni mali yake, atakucheka.

Namibia ndio walionishawishi. Mwaka 1996 walibadilisha sheria, wanakijiji wakaruhusiwa kujisajili wenyewe kama jumuiya yenye mipaka, orodha ya wanachama na katiba. Za kwanza zilisajiliwa 1998, leo ziko zaidi ya 80. Jumuiya inaingia mkataba na kampuni ya uwindaji moja kwa moja, serikali inatoa mgawo wa wanyama, na hela inaingia kwenye akaunti ya jumuiya. Nyama nayo inabaki kwa wanakijiji, na nyama ya tembo mmoja si kilo mbili. Nyae Nyae, kaskazini mashariki, ni jumuiya ya Wajuǀ'hoansi, watu ambao vitabu vimezoea kuwaita Wasani. Baba zao walisoma nyayo kabla hata neno leseni halijafika. Leo wao ni wasoma nyayo na pia ni upande mmoja wa mkataba. Sisemi hawana shida, wanazo. Ila wamekaa mezani.

Huko huko Namibia, Januari 2014, kibali cha kumwinda kifaru mweusi mmoja kiliuzwa kwenye mnada Dallas kwa dola 350,000. Kifaru alipigwa Mei 2015. Walichagua dume mzee ambaye hazalishi tena na anawasumbua wenzake. Najua inauma kusikia, kifaru mweusi jamani! Lakini hela hiyo ilipangiwa kazi ya kuwalinda waliobaki, na ulinzi wa kifaru unakula hela kuliko bumu la darasa zima.

Nisije nikaonekana nimelipwa na wawindaji. Afrika Kusini kuna upande ambao mimi naukataa bila mjadala: simba wa kufugwa. Simba wanazalishwa kwenye mabanda. Wakiwa wadogo watalii wanalipia kuwabeba na kupiga nao picha, wakikua wanafunguliwa ndani ya uzio, mteja anakuja kuwapiga. Nyayo za kusoma hakuna, kisichofahamika hakuna. Mifupa inauzwa Asia. Mwaka 2017 serikali ilitoa mgawo wa mifupa ya simba 800 isafirishwe nje. Baadaye, mwaka 2021, serikali hiyohiyo ikatangaza nia ya kufunga biashara hii, na mpaka leo inajivuta. Ule ni ufugaji wa kuku wenye manyoya shingoni. Hausaidii pori hata hekta moja, na mwanakijiji hapati kitu. Mshikaji angeniambia fildi yake iko kwenye banda la namna hiyo, ningekuwa wa kwanza kumficha begi.

Basi wanaosema "pigeni marufuku yote tumalize", nao wana mfano. Botswana ilifunga uwindaji Januari 2014 chini ya Rais Ian Khama. Vijiji vya pembeni mwa Okavango kama Sankuyo vikapoteza ajira, hela na nyama kwa mkupuo, tembo wakaendelea kuja mashambani kama kawaida. Mei 2019 Rais Mokgweetsi Masisi akafungua tena. Nchi ile ina tembo kama 130,000, kuliko nchi yoyote. Aprili 2024, Ujerumani ilipokuwa inazungumzia kubana uingizaji wa nyara za uwindaji, Masisi akawaambia atawatumia tembo 20,000 wakaishi nao. Watu walicheka, lakini mkulima wa Chobe sidhani kama alicheka sana.

Jirani zetu Kenya walifunga mwaka 1977. Sisemi ni marufuku iliyomaliza wanyama wao. Uzio, mifugo na watu kuongezeka ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Ila kati ya 1977 na 2016 wanyama wakubwa kwenye nyanda za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Maana yake kufunga bunduki ya mtalii peke yake hakulindi kitu, kama aliyepakana na mnyama hana sababu ya kumtaka abaki hai.

Kwa hiyo mshikaji wangu akienda fildi nataka abebe maswali manne kwenye daftari lake. Mosi, kijiji kilisaini mkataba au kilisomewa tu? Pili, mgawo wa mwaka unatokana na kuhesabu wanyama porini, au kuna mtu ameukadiria ofisini? Tatu, hela inapitia mikono mingapi kabla ya kufika? Nne, msoma nyayo analipwa nini, na kuna aliyefikiria kumpeleka akafanye mtihani wa ubingwa? Majibu yakiwa mabaya aandike hivyohivyo kwenye ripoti, hata kama msimamizi atanuna. Na sisi hapa Tanzania tuna vitalu vyetu na jumuiya zetu za hifadhi, kwa hiyo maswali hayo si ya Namibia peke yake.

Na waliomwita msaliti niwakumbushe jambo ambalo yeye usiku ule hakulisema, kwa sababu si mtu wa kujieleza. Kwao ni kusini, huko Tunduru. Tembo walipoingia shambani kwao, heka mbili za mahindi zilikwenda usiku mmoja, na yale mahindi ndiyo yalikuwa ada ya mdogo wake. Wewe uliyekulia mjini, ambaye tembo umemwona kwenye noti na kwenye chupa ya bia, umpe angalau nafasi ya kumaliza sentensi. Ukitaka kumpinga mpinge, hata mimi kuna mahali nampinga. Ila usimfundishe kumpenda mnyama ambaye yeye ndiye anayemlisha.

Mniambie mnaonaje, hasa nyie wa sheria, maana habari ya mikataba ya vijiji naona inawahusu zaidi yetu. Matusi sitajibu. Mimi naenda kuanua nguo kabla hazijabadilisha mwenye nazo, halafu kesho saa moja asubuhi nina pindi la takwimu. Niombeeni.