Kipande na Haki ya Siku
Amani, katika milima ya Usambara, hukumbukwa kwa taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa manufaa ya kilimo cha kikoloni. Aghalabu husahauliwa kuwa upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, katika wilaya ya Wilhelmstal (Lushoto ya leo), wenyeji waligawiwa kadi mwaka 1907: siku 30 za kumtumikia mlowezi katika kila miezi minne, mkaidi alipelekwa kwenye kazi za serikali. Robo ya mwaka haikuwa yao, si ya kulima wala ya kuuguza. Udhalimu, basi, haupimwi kwa viboko na magereza pekee. Neno “kipande”, walilolitumia baadaye vibarua wa mkonge kwa kadi ya kuhesabia siku, ni ushahidi ambao wanaleksikografia hawana budi kuuchunguza.