Arash: Kujikinga na Maafa Kuanzie Katika Boma

Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Somo kwa Kata ya Arash, wilayani Ngorongoro, ni kwamba saa za mwanzo za maafa huikuta kaya ikiwa peke yake.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Hata hivyo, kamati haitafaa iwapo tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa haimfikii mchungaji aliye mbali na mtandao wa simu. Kila boma halina budi kuamua mapema pa kuhamia, nani atawaongoza wazee na watoto, na korongo lipi lisivukwe mvua inyeshapo milimani. Hayo yanahitaji kikao kimoja kabla ya masika.